Kifungu cha Kuvua

Asubuhi ile Mizani, kichujio cha sauti cha Bunge, ilitema ushahidi wa watu wote wa tanuri, mmoja baada ya mwingine, nami nilikuwa nauliza kama chapati zimebaki.

Msinishangae. Mtu aliyevaa kitulizo hakosi hamu ya kula, anachokosa ni sababu ya kuacha kula. Changu kilikuwa cha robo tu, kidogo kama punje ya mahindi, kimekaa nyuma ya sikio tangu nilipopokea majeruhi wa mlipuko pale zahanati ya chama. Kwa robo unaona kila kitu, unaelewa kila kitu, na hata kutania unatania. Ila jambo likifika kifuani linakuta mlango umefungwa, linageuka na kurudi lilikotoka.

Aneth Sanga hakuwa amevaa kitu. Ndiye fundi aliyetujengea Ubao, na asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele yake kashika kichwa kama mwenye msiba. Ubao ulijaza ukuta mzima wa ghala letu, ghala la zamani la viazi hapa Makambako ambalo jua huliona kwa nje tu. Vikundi vyote vya Umoja wetu wa kutetea wafanyakazi vilikutana humo bila mtu kusafiri: chama cha wafanyakazi, wajane wa viwandani, wauguzi, wanasheria, kwaya ya mtaa wa reli, vijana wa msikiti. Kila kikundi kilikuwa na safu yake. Shahidi anazungumza kwenye simu yake, sauti inaingia kwenye safu, inapelekwa moja kwa moja kwenye dirisha la maoni la Bunge. Ikikubaliwa, jina linakuwa la kijani. Safu ya watu wa tanuri ilikuwa nyekundu kutoka juu hadi chini.

"Hebu msikilizeni huyu," Aneth alisema, akagusa jina mojawapo.

"Naitwa Lusajo Mwalugaja," sauti ikasema. "Siku ya mlipuko nilikuwa tanurini. Moto ulipotoka hatukukimbia. Nilimbeba Benja. Alikuwa ameungua. Aliniomba maji. Sikuwa na maji. Akafa. Asanteni kwa kunisikiliza."

Lusajo ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma maelekezo ya kutumia jiko jipya. Chini ya jina lake Mizani ilikuwa imeandika: Sauti ya mtambo. Imekataliwa.

"Mtambo?" Wakili Mtega alifoka. Ndiye mwenyekiti wa Umoja, mzee anayevaa sweta mbili na koti juu, na hasira yake huwa haina haraka. "Huyu kijana ana makovu mpaka kwenye kope!"

"Mizani haioni kope, Wakili. Inasikia pumzi." Aneth aligeuka. "Mnakumbuka kampuni zilivyolifurika Bunge kwa sauti za kutengenezwa, watu wasiokuwapo wakisifia sheria? Mizani iliwekwa kuzuia hilo. Inatafuta kile ambacho mtambo hauwezi kuigiza vizuri: pumzi inayokatika, koo linalokauka, sauti inayotetemeka pale inapotaka kutulia. Isipovipata, inahesabu kwamba hakuna mtu. Na watu wa tanuri wote wamevaa kamili, tangu kampuni ilipowavisha kazini kabla ya mlipuko."

Kwa hiyo walioumia kuliko wote ndio hawakuwa na sauti ya kuumia. Niliona kwamba hilo ni jambo baya. Nililiona vizuri kabisa, nikachovya chapati kwenye chai.

Dirisha la maoni lilikuwa linafungwa kesho yake jioni. Muswada uliokuwa mezani uliitwa wa Kuondoa Vikwazo vya Ajira, na kama miswada ya aina hiyo ulikuwa na maneno mengi matamu, na katikati ya utamu mstari mmoja unaofuta Kifungu cha Kuvua. Kifungu hicho kilisema kwamba makubaliano yoyote ya mtu aliyevaa kitulizo hayahesabiki mpaka avue, akae wazi, kisha ayarudie kwa kinywa chake. Kampuni ilikuwa inataka kuwasha tanuri upya, palepale, kwa mtambo uleule, na ilihitaji mikono ya wazoefu. Wachache waliovua ili watie sahihi walilitazama lile tanuri na kukimbia mpaka kwao. Hapo ndipo kampuni na wenzake walipogundua kwamba kifungu ni kikwazo.

"Kuna njia," Aneth alisema. "Ila siipendi."

Njia yenyewe ilikuwa kiunoni mwangu. Tangu mlipuko, sheria ilimpa nesi wa chama ufunguo wa kuzima vitulizo vyote vya kiwandani kwa mpigo, ili moto ukitokea tena watu waogope na kukimbia kama binadamu wengine. Aneth alitaka niuwashe ufunguo huo kwa dakika chache tu. Vizimwe, watu wazungumze, virudishwe.

"Na marejeo?" Wakili aliuliza.

Marejeo ni kile kinachompata aliyevaa kamili akizimiwa ghafla. Kitulizo hakiui uchungu, kinauzuia mlangoni tu, nao unajikusanya nje. Ndiyo maana sheria inataka mtu ashushwe polepole, wiki nzima, akiwa na msindikizaji wa kumshika mkono. Wako waliozimiwa ghafla mioyo yao ikasimama. Wako ambao mioyo haikusimama lakini wao wenyewe hawakurudi.

"Kwa dakika chache wengi watavumilia," Aneth alisema kwa sauti ya chini. "Nimesema wengi."

"Basi waulizwe wenyewe," Wakili akaamua. "Sisi si kampuni. Bila ridhaa yao hatugusi mtu."

Aneth aliwatumia swali kwenye simu, na hatari zote zikiwa zimeelezwa, hata ile ya moyo. Majibu yalianza kuingia kabla hajakaa kitini. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Safu nzima iligeuka, hakuna aliyeuliza kitu, hakuna aliyesema ngoja nimwulize mke wangu. Kutoka kwenye vikundi vingine makofi yalisikika. Kiongozi wa kwaya alisema Mungu awabariki mashujaa hawa.

"Wameridhia," Wakili alisema, akavua miwani na kujifuta macho. "Nawe, Sista? Ufunguo ni wako."

Nilibonyeza ndiyo. Ilikuwa rahisi sana.

*

Kabla ya kuwazima wote tulikubaliana tumjaribu mmoja. Mama Yusta alijitolea, kama kujitolea ndilo neno lake. Alikuwa mpishi wa zamu ya tanuri, na siku ya mlipuko alikuwa analeta uji. Alikuja zahanati saa za mchana akiwa na kitenge safi na kapu la mboga.

"Kamwene, Sista."

"Kamwene, Mama. Umeelewa tutakachofanya?"

"Nimeelewa. Mtanizima, nitasema, mtaniwasha. Fanyeni haraka, nimebandika maharage."

Nilimlaza kitandani, nikamfunga vipimo vya moyo. Aneth alishika simu ya kurekodi. Wakili alisimama mlangoni akiwa ameikunja kofia yake mikononi. Nikaweka kidole kwenye ufunguo, kwa jina lake peke yake.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu alitazama mikono yake mwenyewe, pande zote mbili, akashusha pumzi ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akaanza kusema. Alisema vijana walikuwa wamesimama wanautazama moto, na yeye alisimama nao, ameshika ndoo ya uji, anawaza kwamba uji utapoa. Aliwataja kwa majina. Kwa kila jina sauti yake ilipasuka, na kwenye simu ya Aneth mstari wa Mizani ulipanda mpaka ukagonga juu.

"Inakubali," Aneth alinong'ona. "Inampa uzito wote."

Mama Yusta alinishika kifundo cha mkono, kucha zikazama. "Nani aliwaambia mnifanyie hivi?"

"Ulikubali, Mama. Ulibonyeza."

"Mimi? Mimi sikukubali!" Alikuwa anatetemeka kitanda kizima. "Aliyekubali si mimi! Ningekubalije? Mwanamke gani atakubali? Mnaniona mjinga kwa kuwa sikulia? Toeni mikono yenu! Yesu wangu, wale watoto, na mimi nimeshika ndoo..."

Moyo wake ulikuwa unakimbia vibaya. Nilikiwasha kitulizo. Ilichukua muda wa mtu kumeza mate. Mikono yake ikalegea, macho yakatulia, akaketi na kujipangusa uso kwa upindo wa kitenge, kisha akautazama ule unyevu kwenye kitambaa kama kitu kilichomwagika.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mama," nilisema. "Ulisema hukukubali."

"Nilijisikia nikisema." Alichukua kapu lake. "Sawa tu, Sista. Mkitaka tena mniite, ila isiwe saa ya kupika."

Alipotoka, Aneth alikuwa ameegemea ukuta, analia bila sauti. Wakili alikuwa analia pia, lakini kilio chake kilikuwa na furaha ndani yake. "Sauti hiyo moja," alisema, "ina uzito kuliko kurasa zote tulizoandika mwaka huu. Fikiria mia nne kama hiyo kwa pamoja. Hakuna mbunge atakayelala."

Niliweka dawa kwenye alama za kucha mkononi mwangu. Niliandika mapigo ya moyo yalifika wapi.

*

Lusajo nilimkuta nyumbani akimenya viazi. Jua lilikuwa limeegemea upande wa misitu ya misonobari na ukungu umeanza kushuka barabarani. Alinisogezea kigoda na kisu cha pili, nikaanza kumenya pia. Ndugu zetu wa Tukuyu husema kwetu hatukai bure, tunaweza kuomboleza na jembe mkononi.

"Umebonyeza ndiyo?" nilimwuliza.

"Eeh."

"Ulisoma yote?"

"Nilisoma. Moyo unaweza kusimama. Imeandikwa pale chini."

"Na bado umekubali."

"Si mnahitaji, dada?" Alitupa kiazi kwenye maji. "Watu wa kampuni nao walipita leo. Wanasema muswada ukipita, nitie sahihi nirudi tanurini."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia sawa."

"Lusajo. Sisi tunataka uzungumze ili usirudi tanurini. Wao wanataka urudi. Umewakubalia wote?"

Alifikiri kidogo. Aliniheshimu kwa kufikiri. "Kwani hao wametangulia, au ninyi?"

Sijui kilichonituma kuuliza kilichofuata. Labda ni ule utani wetu wa tangu utotoni, maana mimi na Lusajo tulikuwa hatumalizi siku bila kutiana majaribuni. Nilimnyooshea kisu.

"Na mimi nikikuambia sasa hivi ukate kidole?"

Alikitazama kisu. Akaweka kiazi chini, akaitandaza mikono yake yenye makovu juu ya magoti, akaikagua.

"Kipi?" aliuliza.

Nilicheka. Kwa robo, kicheko hupita kirahisi kuliko vingine. Nilimenya viazi vilivyobaki, nikamwaga maganda, nikamuaga. Njiani nilijua kwamba nimesikia jambo la kuogopesha sana. Nililijua kama unavyojua kwamba jirani ameacha sufuria motoni: ni kweli, na si jikoni kwako.

*

Kesho yake asubuhi nilimkuta Wakili Mtega peke yake ghalani, anafanyia mazoezi hotuba ya ushindi. Nilimwambia watu wa tanuri hawajaridhia.

"Sista, wote wamebonyeza."

"Ndiyo maana nasema."

Aliketi taratibu. "Najua unakokwenda. Nilifika huko jana mbele ya kitanda cha yule mama, nikarudi. Sikiliza. Muswada huu ukipita, kila mwenye kitulizo katika nchi hii atatia sahihi lolote atakalowekewa mbele, leo na keshokutwa na mpaka anazikwa. Sisi tunaomba dakika chache, mara moja tu. Nimepima."

"Tunakivunja kifungu ili kifungu kibaki."

"Ukuta huvunjwa kuokoa waliomo ndani."

"Aliyekubali si yule aliyeumia, Wakili. Mama Yusta alikuambia mwenyewe. Kile unachokiita ridhaa, ndicho kilekile kampuni inachotaka kukiita ridhaa."

Ni mwanasheria, alikuwa ameliona zamani. Basi nikamwambia la pili, na nililisema bila uchungu wowote, kama mtu anayerudisha chenji. "Tena mimi nilibonyeza nikiwa nimevaa. Kwa kifungu chenu, ndiyo yangu haihesabiki mpaka nivue niirudie. Sitaugusa ufunguo kwa ndiyo isiyohesabika."

Wakili aliikunja hotuba yake. "Vua basi," alisema. "Na ukishavua, urudie."

Mganga hajigangi, kwa hiyo Aneth ndiye aliyekuwa msindikizaji wangu. Robo haihitaji wiki, inashushwa kwa saa chache. Tulikaa kwenye magunia nyuma ya ghala, akanipunguzia kidogo kidogo huku amenishika mkono.

Cha kwanza kurudi kilikuwa baridi. Nilikuwa nimesahau kwamba Makambako inauma. Halafu mkono ulianza kuwasha pale zilipoingia kucha za Mama Yusta, na nilipoutazama nikaona kumbe ni majeraha, si alama. Halafu harufu. Siku ya mlipuko nilifanya kazi tangu asubuhi mpaka waliponitoa kwa nguvu, na harufu ile ilikuwa imenisubiri nje ya mlango muda wote huu, haikuchoka. Niliegemea bega la Aneth nikalia kwa sauti mbaya, sauti ya ng'ombe. Nililia kwa ajili ya vijana niliowafunga vitambulisho vidoleni. Nilijionea huruma. Niliwachukia wote waliowavisha.

Na nilipodhani yameisha, Lusajo akatandaza mikono yake juu ya magoti na kuniuliza kipi.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nikawa namshika Aneth nguo na kumwambia angekikata, Aneth, mdogo wangu angekikata, alikuwa anasubiri nichague. Na mimi nilicheka. Nilimenya viazi. Tulimtumia mtu huyo fomu ya kuruhusu moyo wake usimame, nikapokea jibu lake nikaona ni rahisi.

"Hapana," nilisema nilipoweza kusema. "Mlitaka niirudie ile ndiyo. Jibu langu ni hapana."

Aneth alikuwa amejiinamia. "Wewe angalau ulikuwa umevaa, dada," alisema. "Mimi nilikuwa wazi siku zote, na wazo lilikuwa langu. Sasa mimi nina kisingizio gani?"

Nilimshika mkono, zamu yangu.

*

Dirisha lilikuwa karibu kufungwa. Nilimwambia Wakili kwamba ufunguo sitauwasha, lakini nina sauti, na sasa inatetemeka vya kutosha kwa Mizani yoyote. Aliposikia nitakachokisema alinishika mabega.

"Mwanangu, usifanye hivyo. Sema habari za mlipuko. Ulikuwapo. Sema hizo."

"Zimeshasemwa na watu wa tanuri wenyewe. Zimekataliwa."

"Wataufuta Umoja. Watasema sisi ndio tuliowachezea wagonjwa."

"Tuliwachezea, Wakili."

Aliniachia. Angeweza kuuzima Ubao, swichi ilikuwa karibu naye kuliko mimi. Hakuuzima. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Nilizungumza nikiwa nimesimama, vikundi vyote vikisikiliza.

"Naitwa Sekela Mwalugaja, nesi wa chama cha wafanyakazi, Makambako. Nimevua leo. Waheshimiwa, mnaambiwa kwamba mtu aliyevaa kitulizo anaweza kukubali jambo kama mtu mwingine. Sisi ni Umoja wa vikundi vinavyotetea kifungu kinachosema hawezi. Na jana tu sisi wenyewe tuliwauliza watu wa tanuri kama tunaweza kuwazima ghafla kwa faida ya kampeni yetu. Tuliwaambia mioyo yao inaweza kusimama. Walikubali wote, chai haijapoa. Tukapiga makofi. Nyani haoni kundule, nasi tulikuwa nyani. Tukamzima mama mmoja. Alipokuwa wazi alituambia hakukubali na hangekubali kamwe. Tulipomrudisha alituambia tumwite tena tukitaka. Sauti yake mnayo, tulikuwa tumeituma kwa fahari."

Hapo koo lilikauka. Nikameza.

"Nina mdogo wangu. Nilimwuliza kwa utani kama nikimwambia akate kidole. Aliniuliza kipi. Hatukuwa watu wabaya, waheshimiwa. Tulikuwa na nia nzuri na haraka, na mlango ulikuwa wazi, tukaingia. Mkikifuta kifungu hiki, watakaoingia kwenye mlango huo hawatakuwa na hata nia nzuri. Ni hayo."

Mizani haikuchelewa. Jina langu likawa la kijani, kama la Mama Yusta.

Halafu safu za pembeni zikaanza kuzimika. Wajane walitoka kwanza, na kiongozi wao alisema neno ambalo sitalirudia, nalo lilikuwa halali yangu. Kwaya ikatoka. Wanasheria waliandika kwamba hawakushauriwa. Vijana wa msikiti walibaki mpaka mwisho, wakatuombea, nao wakatoka. Ubao ukabaki ukuta mweusi na watu watatu mbele yake wenye baridi.

"Umetuzika," Wakili alisema.

"Najua."

Alivua koti lake la juu akanivika. Alikuwa ameona natetemeka.

*

Bunge liliupitisha muswada, karibu wote. Kifungu cha Kuvua hawakukifuta. Mbunge mmoja alisimama na kuuliza kama kuna mwenzake anayeweza kuisikiliza sauti ya Mama Yusta mara mbili, wakapiga kura kimya kimya. Sikushangilia, sikuwa na wa kushangilia naye. Umoja ulifutiwa usajili kama Wakili alivyotabiri, naye alifungiwa kazi. Ufunguo ulichukuliwa kutoka kwangu ukakabidhiwa watu wengine. Aneth alihamia Njombe, na sasa hajengi chochote, anauza miche ya parachichi.

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Yusta. Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi, akanikaribisha kande. Msamaha huo nao sijui niuweke wapi.

Kampuni ilitangaza kwamba anayetaka kazi ya tanuri avue kwanza, kama sheria inavyotaka. Wapo waliovua, na waliovua hawakutia sahihi. Lusajo hakuvua. Hakuna aliyemkataza na hakuna aliyemlazimisha, na mtu ambaye hahisi kitu hana kinachomsukuma kuanza kuhisi. Anaamka, anafagia uwanja, anakaa.

Mimi nahisi kwa ajili yetu wawili, na inachosha. Siku moja nilishindwa. Alikuwa ameketi barazani anaota jua, nikachuchumaa mbele yake nikamwambia, "Lusajo, nikuvue? Taratibu, wiki nzima. Nitakuwa nimekushika mkono."

"Sawa tu, dada."

Aligeuza shingo, akanisogezea sikio. Kitulizo kilikuwa pale, karibu na vidole vyangu. Nilishainua mkono. Kisha nikaushusha, kwa sababu jibu hilo siwezi kulipokea. Mimi ndiye niliyesimama na kuliambia Bunge la nchi hii lisilipokee kutoka kwa mtu yeyote, kwa nia yoyote, hata iwe nzuri namna gani.

Alisubiri, halafu akanigeukia. "Unalia nini?"

"Nataka utake mwenyewe."

Alinielewa. Akili yake haijawahi kuwa na kasoro. Alitazama chini, na niliona kabisa kwamba anatafuta, kwa uaminifu, kwa sababu dada yake amemwomba.

"Hakuna kitu huku, dada," alisema.

Nikamwambia aendelee kutafuta. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.